Majadiliano Darasani: Mwongozo kwa Walimu wa Chundwa na Visiwa vya Lamu

Majadiliano ni njia ya kufundisha ambayo wanafunzi hujibizana wao kwa wao kuhusu swali moja, kila mmoja akitoa sababu ya asemalo, huku mwalimu akisimamia. Mwalimu anayeuliza mji mkuu wa Kenya ni upi, akajibiwa, akasema "Vyema" na kupita, hajaendesha majadiliano, amepima kumbukumbu. Kuyatambua si kazi ngumu. Yatazamwe maneno yanakokwenda. Yakitoka kwa mwalimu, yakaenda kwa mwanafunzi na kumrudia mwalimu kila mara, hayo ni maswali na majibu. Yakitoka kwa mwanafunzi, yakapokewa na mwenzake, yakafika kwa wa tatu na wa nne kabla mwalimu hajafungua kinywa, basi darasa linajadiliana.

Njia hii hutofautiana pia na mdahalo, ingawa shuleni mambo haya mawili huchanganywa sana. Mdahalo una upande wa kuunga na upande wa kupinga, una mwenyekiti, na mwisho wake kuna mshindi. Mwanafunzi aliyepewa upande wa kupinga hana ruhusa ya kukiri kwamba mwenzake amesema kweli. Katika majadiliano kubadili rai ni faida, na huenda ndilo jambo zuri kuliko yote linaloweza kutokea katika kipindi. Mdahalo hufundisha ufasaha na ujasiri wa kusimama mbele za watu, na una mahali pake Ijumaa jioni au siku ya wazazi, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya majadiliano katika somo la kila siku.

Mwalimu wa Chundwa, kijiji cha Kisiwa cha Pate katika Kaunti ya Lamu, ana sababu ya kulishughulikia suala hili kuliko ilivyokuwa zamani. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, na kufika sekondari ya msingi mwaka 2023, umetaja mawasiliano na ushirikiano kuwa umilisi wa kwanza kati ya umilisi wa kimsingi, na uwazaji kina na utatuzi wa matatizo kuwa wa pili. Kila mada katika mtaala huo imewekewa maswali dadisi. Kwenye karatasi, majadiliano yapo karibu kila ukurasa. Darasani mambo huwa mengine: maandalio ya somo husema "wanafunzi wajadiliane katika vikundi", wanafunzi husogeza madawati, wawili huzungumza, watano hutazama dirishani, kisha mwalimu huandika ubaoni jibu alilokuwa nalo tangu asubuhi. Aghalabu kosa haliko kwa watoto. Liko katika swali waliloulizwa, au katika kilichofanywa na majibu yao.

Kabla ya kufika kwenye swali, ni vyema kutazama watoto hao wanakuja shuleni na nini. Wengi hutoka chuoni, yaani madrasa ya Kurani, ambako msingi wa elimu ni kuhifadhi: kusikia, kurudia na kusahihishwa. Kisiwa cha Pate kina historia ndefu ya elimu ya aina hiyo. Siyu, mji wa jirani, ulisifika katika karne ya 19 kwa wanazuoni wake na kwa wanakili wa misahafu. Kuna walimu wa shule wanaodhani kwamba malezi ya chuoni humfanya mtoto asiweze kujadiliana. Dhana hiyo haina msingi. Mtoto aliyelelewa chuoni amezoea kusikiliza kwa makini, na kusikiliza ndiko kugumu katika majadiliano. Akipanda kidogo katika elimu ya fiqhi, hukuta kwamba suala moja laweza kuwa na kauli zaidi ya moja za wanazuoni, kila kauli na dalili yake, na aliyetofautiana na mwenzake hakumtukana. Adabu hiyo ya kukhitilafiana kwa dalili ndiyo inayotafutwa darasani.

Nyumbani nako kuna vitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili", wenzake hujibu "Tega", naye hutega, kisha hungoja. Wenzake hubahatisha, hukosea, huchekana, hubahatisha tena. Wakishindwa humpa mji ndipo awafumbulie. Hakuna mtegaji mwenye akili anayetega na kufumbua kwa pumzi moja, kwani ataukosa mji. Mwalimu anayeuliza swali na kulijibu mwenyewe hufanya hivyo hivyo kila siku bila kujua alichokosa.

Barazani, kwa upande mwingine, mtoto hajifunzi kusema. Wazee huzungumza, vijana huketi kando, na mdogo akitia neno huambiwa kwamba ni mazungumzo ya wakubwa. Huo ni utaratibu wa heshima, na shule haina sababu ya kuubeza. Ila mwalimu ajue kwamba anapomwambia mtoto wa gredi ya nne "Wewe unaonaje?", anamwomba kitu ambacho huenda hajawahi kuombwa na mtu mzima. Kimya cha wiki za mwanzo hutokana na hilo, wala si ujinga. Kwa hiyo ni vizuri mwalimu aseme waziwazi, mwanzoni mwa muhula, kwamba katika kipindi hiki kutofautiana na mwalimu kwa maneno ya adabu si utovu wa heshima. Akikutana na wazazi awaeleze vivyo hivyo, ili mtoto anayeuliza "Kwa nini?" nyumbani asionekane ameharibikiwa shuleni.

Sasa swali. Majadiliano mengi hufa kabla ya kuanza kwa sababu swali lililoletwa halijadiliki. "Taja faida tatu za mikandaa" si swali la majadiliano; jibu lake limo kitabuni, na anayelijua akishalisema hakuna lililobaki kwa wengine. "Je, ni vizuri kutunza mazingira?" ni baya zaidi, kwa sababu hakuna mtoto atakayesema si vizuri. Swali linalojadilika huwa na mambo matatu: watu wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti, wanafunzi wana wanachokijua kulihusu, na jibu lolote lina gharama fulani. Kwa mfano: mwaka 2018 serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakataji wa boriti za mikandaa wa Lamu wakakosa kazi. Swali: je, ingefaa msitu ufungwe wote, au ufunguliwe kwa zamu sehemu baada ya sehemu? Mtoto ambaye mjomba wake alikuwa mkataji ana la kusema. Mtoto ambaye baba yake ni mvuvi naye analo, maana samaki wadogo na kaa hukulia katika mizizi ya mikandaa. Kila mmoja anajua kipande cha ukweli, na hakuna aliye nao wote.

Visiwani maswali ya namna hiyo hayakosekani. Mwaka 2009 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Faza, mwendo mfupi tu kutoka Chundwa, na mamia ya nyumba yakaungua. Makuti hushika moto haraka. Mabati hayashiki, lakini hununuliwa kwa fedha, hubebwa kwa chombo, huliwa na chumvi ya bahari na kuigeuza nyumba tanuri wakati wa kaskazi. Nyumba iezekwe kwa nini? Hapo pana somo la sayansi, pana hesabu ya gharama, pana mafunzo ya jamii, na hakuna jibu la ukurasa wa mwisho. Mwalimu aliyepangiwa Chundwa kutoka bara atapata maswali bora kwa kuuliza walimu wenyeji na wazee kuliko kwa kungoja mwongozo wa mwalimu uliochapishwa Nairobi, ambao mifano yake huwa ni ng'ombe wa maziwa na msongamano wa magari.

Swali likishapatikana, liandikwe. Liandikwe ubaoni kwa maneno kamili na libaki hapo hadi mwisho wa kipindi. Swali la kusemwa tu husahaulika baada ya wazungumzaji watatu, na darasa huishia kuzungumzia jambo jingine kabisa.

Hata swali zuri halifai kitu kama wanafunzi hawajui lolote la kulijibu. Majadiliano hayaondoi haja ya kufundisha. Darasa ambalo halijafundishwa jinsi maji ya chumvi yanavyoingia visimani litakaa kubadilishana dhana tupu, na mwenye sauti kubwa atashinda. Mpango unaofaa ni kufundisha kwanza, kwa kipindi kimoja au viwili, kisha kujadiliana, au kuwapa wanafunzi maandishi mafupi ya kusoma, au kuwatuma nyumbani na swali la kuuliza. Kumtuma mtoto kwa bibi au babu kuna faida mbili: hurudi na habari ambayo haimo kitabuni, na siku ya pili huwa na jambo la kusema ambalo si lake mwenyewe, kwa hiyo haoni haya kulisema.

Palipo na upungufu wa vitabu kuna mbinu iliyobuniwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas, wakati watoto weusi, weupe na wenye asili ya Meksiko walipoanza kuwekwa darasa moja. Somo hugawanywa vipande, na kila mwanafunzi katika kikundi hupewa kipande kimoja tu. Hukutana kwanza na wale wa vikundi vingine waliopewa kipande kama chake, wakakielewa pamoja, kisha hurudi kuwafundisha wenzake wa kikundi. Asiyesikiliza hapati somo zima, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye kipande kile. Chundwa mbinu hii ina faida ambayo Aronson huenda hakuifikiria: kitabu kimoja chenye kurasa nne za mada, zikinakiliwa kwa mkono, chatosha darasa.

Kuhusu kukaa, yasifanywe mambo makubwa. Duara ni bora, kwa kuwa anayesema huonekana na wote. Madawati yakiwa mazito au darasa likiwa limejaa, safu ya mbele igeuke nyuma kuitazama ya pili, ya tatu iigeukie ya nne, na vikundi vya wanne vimepatikana bila dawati kusogezwa. Vikundi vya wanne au watano vyatosha. Wakifika saba, watatu hulala. Chini ya mwembe nje ya darasa panafaa pia, hasa mchana wa kaskazi, mradi upepo usichukue sauti.

Baada ya swali kusomwa, wanafunzi wapewe muda wa kufikiri kimya, kisha wazungumze wawili wawili, ndipo lifunguliwe darasa zima. Utaratibu huo, uliopewa jina na Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1981, umeenea duniani kwa sababu ni mwepesi na unafanya kazi. Mtoto mwenye haya akishamwambia mwenzake rai yake, anakuwa amekwisha kuijaribu. Kuisema mbele ya arobaini hakumtishi kama mwanzo.

Kungoja nako kuna kipimo chake. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde moja. Walimu walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakarefuka, wanafunzi wengi zaidi wakajitolea kusema, na "sijui" zikapungua. Sekunde tatu huonekana ndefu sana kwa aliyesimama mbele ya darasa. Ahesabu moyoni, au azunguke kufuta ubao. Kuna kungoja kwa pili kunakosahaulika zaidi: kungoja baada ya mwanafunzi kujibu. Mtoto akinyamaza mara nyingi hajamaliza. Anapima uso wa mwalimu. Asipokatizwa huongeza sentensi ya pili, na sentensi ya pili ndiyo yenye sababu.

Kinachofuata ni mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kwenda katika gredi ya sita. Somo ni maji. Chundwa, kama vijiji vingine vya kisiwa hicho, visima vingi huwa na maji ya chumvichumvi, na tegemeo kubwa ni mvua inayokingwa kwa jabia: sakafu pana iliyosakafiwa kwa mteremko, inayopeleka maji kwenye tangi lililochimbwa chini. Darasa limekwisha kupiga hesabu: sakafu ya mita 20 kwa 10, ikinyeshewa mvua ya milimita 10, hukinga lita 2,000, ikiwa hakuna inayopotea. Hiyo ni mitungi 100 ya lita 20. Ubaoni pameandikwa: "Jabia limebaki na mitungi 100. Mvua haijulikani itanyesha lini. Maji yagawanywe vipi?"

Mvulana mmoja anasema kila nyumba ipewe mtungi mmoja mmoja. Hapa ndipo njia zinapogawanyika. Mwalimu akisema "Vizuri sana, mwingine?", jibu limekufa, na anayefuata ataleta jibu lake bila kuligusa la kwanza. Mwalimu akisema "Hapana, nyumba hazilingani", amejadiliana yeye. Badala yake anauliza darasa: "Kuna nyumba itakayoumia kwa mpango huu?" Kimya. Anangoja. Msichana wa nyuma anasema: "Kwetu tu kumi na wawili, mwalimu. Mtungi mmoja hautoshi hata kupika." Mwingine anadakia: "Basi wahesabiwe watu, si nyumba." Wa tatu: "Nani atahesabu? Watu wataandikisha mpaka walioko Mombasa." Darasa linacheka, na mwalimu halizimi cheko hilo, kwa sababu ndani yake mna hoja kubwa kuliko zote zilizosemwa. Anaandika ubaoni maneno mawili tu, "Nani ahesabu?", kisha anarudi pembeni. Kutoka kwenye lita na mitungi, watoto wa miaka kumi na miwili wamefika wenyewe kwenye suala la uaminifu katika kugawa mali ya umma, na hakuna aliyewafikisha kwa mkono.

Katika mfano huo mwalimu amesema mambo machache mno, lakini kila moja lina kazi. Maneno ya aina hiyo hayazidi matano au sita na yanaweza kukaririwa: Kwa nini unasema hivyo? Nani anakubaliana naye, na kwa sababu gani? Kuna atakayeumia? Unaweza kurudia alichosema mwenzako kwa maneno yako? Umelijuaje hilo? Mwalimu mgeni wa njia hii ayaandike kwenye kipande cha karatasi na kukiweka mezani. Sifa za kupita kiasi ziachwe. "Hodari sana" kwa mmoja huwaambia wengine thelathini kwamba mashindano yamekwisha.

Suala la lugha linastahili kukaliwa zaidi. Watoto wa Chundwa husema Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, nyumbani na uwanjani. Shuleni hukutana na Kiswahili sanifu, na kuanzia gredi ya nne masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Darasa likilazimishwa kujadiliana kwa Kiingereza tangu dakika ya kwanza, watakaosema ni watatu, na hata hao watasema wanachoweza kukisema, sio wanachokifikiri. Mtoto anayejua vizuri jinsi bamvua na maji mafu yanavyobadili mavuno ya nyavu atajibu "the sea is good" na kuketi. Njia yenye busara ni kuzigawa kazi: kufikiri na kujibizana katika kikundi kuwe kwa lugha yoyote inayokuja mdomoni, Kitikuu kikiwemo, na kutoa taarifa mbele ya darasa kuwe kwa lugha ya somo. Kabla ya kutoa taarifa kikundi kipewe dakika mbili za kutafuta maneno, na mwalimu apite akiwapa yale wanayokosa. Kwa njia hiyo neno la Kiingereza hufika likiwa tayari lina maana ya kushikamana nayo. Mwalimu asiyejua Kitikuu asiogope vikundi vikizungumza mambo asiyoyafahamu vyema. Awaulize wanafunzi wamfafanulie, nao kwa kumfafanulia hujifunza mara ya pili. Kumcheka au kumwadhibu mtoto kwa lahaja yake kunaua majadiliano kwa muhula mzima, pengine kwa miaka.

Katika kila darasa kuna watoto wawili au watatu wanaosema kila kitu. Wasinyamazishwe kwa ukali, maana mara nyingi ndio waliosoma. Wapewe kazi ya kuandika hoja za kikundi, au kila mwanafunzi apewe vijiti au kete mbili za simbi, atoe moja kila asemapo, zikiisha asikilize. Wanyamavu nao wasishambuliwe kwa kutajwa ghafla. Mwalimu akipita kwenye vikundi akasikia jambo zuri kutoka kwa mtoto asiyesema, amwambie kwa sauti ya chini kwamba atamwomba alirudie mbele ya wote. Anayejua mapema kwamba ataitwa hujiandaa.

Wasichana huhitaji uangalifu wa pekee, hasa wanapokaribia kuvunja ungo. Haya waliyofunzwa nyumbani ni sehemu ya malezi yao, lakini mara nyingi hugeuzwa sababu ya kuwaacha. Vikundi vya wasichana peke yao na vya wavulana peke yao katika hatua ya kwanza huwapa nafasi ya kuyasema mawazo yao. Baadaye darasa likutane pamoja, na taarifa zitolewe kwa zamu. Mwalimu ahesabu, kwa alama za kalamu katika daftari lake, wasichana wangapi wamesema na wavulana wangapi. Wengi watashangaa.

Mambo yenye uchungu yapo, na visiwani hayajifichi. Ujenzi wa bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, uligusa maeneo ya uvuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe Kwasasi ulifutiwa leseni na baraza la rufaa za mazingira mwezi Juni 2019, moja ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Haya ni mambo ambayo watoto huyasikia barazani kila siku. Kuyakataza darasani ni kuwaambia kwamba shule haihusiki na maisha yao. Kuyaleta bila maandalizi ni kuligeuza darasa uwanja wa siasa. Yaletwe pale darasa lilipokwisha kuzoea kujadiliana mambo mepesi, na swali liwe finyu: si "Je, bandari ni nzuri?", bali "Fidia ikitolewa, ni bora iwe fedha taslimu au vyombo na mitego?" Watu wa kijijini wasitajwe kwa majina. Mwalimu asitoe rai yake hadi mwisho, na akiitoa aseme kwamba ni rai. Mambo ya dini yaliyo katika itikadi yaachiwe maalimu na mashehe wake. Mazoea haya yana faida hata baada ya shule: Katiba ya mwaka 2010 imefanya ushirikishwaji wa umma kuwa sharti la uongozi, na mwananchi anayeingia katika mkutano wa namna hiyo bila kuzoea kutoa sababu, kuuliza ushahidi na kumsikiliza mpinzani, huishia kupiga makofi au kupiga kelele.

Wako walimu watakaosema kwamba hakuna muda. Kipindi katika gredi ya nne hadi ya sita ni dakika 35, sekondari ya msingi ni 40, na mtihani uko njiani. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake si kwamba kila somo lijadiliwe. Kanuni za kuandika sehemu, tarehe, hijai na majedwali hufundishwa upesi na vizuri zaidi kwa maelezo na mazoezi. Kuzijadili ni kupoteza muda wa watoto. Majadiliano yawekwe pale panapohitaji uamuzi, ulinganisho au sababu. Dakika tano za kufikiri na kuzungumza wawili wawili, dakika kumi na tano za darasa zima, na zilizobaki za kuandika.

Kuandika huko kusiachwe. Kipindi kikimalizika kwa kengele tu, mazungumzo huyeyuka. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu au nne: swali lilikuwa nini, yeye anaonaje sasa, na hoja gani ya mwenzake imemfanya afikiri upya hata kama hakubadili rai. Hoja hiyo ya mwenzake ndiyo kipimo kizuri cha tathmini, kwa kuwa hawezi kuiandika aliyekuwa hasikilizi. Mwalimu naye hurudi kwenye swali la ubaoni, huonyesha yaliyokubaliwa na yaliyobaki wazi, na husahihisha makosa ya ukweli yaliyopita bila kuguswa. Aliyesema kwamba maji ya bahari yakichemshwa yanakuwa ya kunywa aambiwe siku hiyo hiyo kwamba chumvi hubaki chunguni, na kinachonyweka ni mvuke uliokingwa ukapozwa. Kuheshimu rai za watoto hakumaanishi kuacha uongo wa kisayansi uende nao nyumbani.

Darasa halijifunzi kujadiliana kwa siku moja. Majuma ya kwanza huwa na kimya kirefu, kicheko kisicho na sababu na majibu ya neno moja, na walimu wengi huiacha njia hii katika majuma hayo hayo. Anayetaka kuanza aanze na darasa moja, somo moja, swali moja kwa wiki, katika kipindi cha asubuhi kabla joto halijapanda, na asibadili mpango huo hadi muhula uishe. Dakika kumi kwa wiki zatosha kwa mwanzo.